Mkono wa Mbinya kwenye Albamu ya Yua

Saa nne asubuhi, Makindu. Gedion Mutie ameinama juu ya fremu ya dirisha, cheche zinamrukia miguuni, redio inanguruma juu ya tangi la maji. Wimbo unaingia. Magitaa yanakwaruza, yeye mwenyewe anasikika akipiga kelele kama mtu aliyeibiwa mbuzi, na chini ya kelele hizo kuna ngoma tamu hadi mteja anasahau dirisha lake.

"Fundi, huyu wa ngoma mlimtoa wapi?"

"Ni mamangu."

Mteja anacheka. Kisha anaona fundi hacheki. "Aiya! Mbinya? Yule wa kanisa?"

Huyo huyo. Na kama umeshtuka, msomaji, jua kwamba Gedion mwenyewe, na miaka yake hamsini na minne, bado hajapona.

Gedion huchomelea vyuma. Tangu ujana pia ni mwimbaji wa Yua, bendi ya panki iliyojipa jina la Kikamba la njaa ya ukame. Panki ni muziki wa hasira, gitaa kali, hakuna kubembelezana. Mwezi mzuri karakana humwachia kama elfu ishirini na tano. Bendi haijawahi kumwachia kitu. "Bendi inanikula," anasema, "lakini bila hiyo ningekuwa nimechapa mtu."

Albamu hii, ya kwanza baada ya miaka mingi, waliirekodi Kathonzweni, katika stoo ya ndengu karibu na boma la mamake. Kuta walizifunika magunia ili sauti isirudi. Hata hawajafika mbali, mpiga ngoma wao, Kimeu, akaanguka na pikipiki akavunjika mkono.

Walikuwa wameduwaa hivyo Mbinya alipoingia na sufuria ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe. Ana miaka sabini na minane, na kanisani ndiye huandaa meza ya Bwana. Aliwasikiliza wakijaribu bila ngoma, akakunja uso.

"Mnapiga kama watu wanafukuza ndege kwa shamba."

Akavuta mtungi wa plastiki uliokuwa pale, akaupindua, akakaa kwenye kigoda na kuanza.

"Nilibaki mdomo wazi," Gedion anasimulia. "Mwaitu, mama yangu, sijawahi kumwona hata akigonga meza!"

Alipomaliza, ndipo aliposema. Akiwa msichana huko Kanyangi, nyanyake alimfundisha ngoma ya kilumi, ile ya akina mama ya kuomba mvua na kutuliza mizimu. Alipookoka aliapa kuiacha, akaolewa, akanyamaza. "Hata babako alienda kaburini bila kujua," alimwambia mwanawe. Lo! Miaka yote hiyo, nyumba moja!

Walipomwambia mashine ya kurekodi ilikuwa imewashwa, alisema ngoma hiyo waiache kwenye wimbo. Jina lake hawakuliandika, wakidhani siri imekaa. Walisahau kwamba huku mkono wa kilumi hutambulika kama sauti ya mtu.

Wimbo ulipochezwa redioni, Nzisa, ajuza wa Kanyangi aliyecheza kilumi na Mbinya wakiwa wasichana, aliruka sokoni kwa furaha: "Huyo ni Mbinya! Huo mkono naujua!" Hakuwa na nia mbaya, maskini. Lakini maneno yakafika kanisani.

Mchungaji Kyule na wazee wakatoa uamuzi: wimbo ufutwe na Mbinya atubu hadharani, la sivyo atolewe kwenye meza na atengwe. Kwa mwanamke wa umri wake hilo si dogo. Aliyetengwa, kanisa halimziki.

Gedion akakimbia Kathonzweni. "Nilimwambia, Mwaitu, nafuta leo. Wacha bendi ikufe, wewe uzikwe vizuri."

Mama akamtazama. "Gedi, ngoma hiyo niliificha kwa sababu ya aibu. Sasa aibu sina. Ukiifuta, utakuwa umenizika kabla sijafa."

Jumapili iliyopita alisimama mbele ya waumini. Gedion, ambaye hajaketi kanisani tangu siku ya harusi yake, alikuwa amesimama mlangoni.

"Natubu kumficha mume wangu jambo hili," Mbinya alisema. "Lakini kupigia mtoto wangu ngoma, hiyo sitatubu. Yesu nampenda vile nilimpenda jana."

Mchungaji Kyule, ambaye Mbinya alimfundisha shule ya Jumapili, aliinamisha kichwa, lakini uamuzi haukubadilika. Mama akavua kitambaa chake cheupe cha kichwani, akakikunja vizuri, akakiweka juu ya meza aliyoiandaa miaka yote. Kisha akatembea hadi benchi la mwisho.

"Alikaa huko peke yake," Gedion anasema. "Hakuna mtu aligeuka. Hata mmoja."

Albamu inazinduliwa Jumamosi hii sokoni Kathonzweni. Mbinya ameuliza jambo moja tu: wanaanza saa ngapi.

Na Jumapili?

Gedion anapangusa macho kwa mkono wenye masizi.

"Jumapili tunaenda kanisa. Bendi yote, hata Kimeu na plasta yake. Hiyo benchi ya nyuma ni ndefu. Tutakaa na yeye."