Kware Kwenye Kapu la Fundi Mapazia

Dada yangu anashona mapazia, na pini zake anazibana midomoni. Ukimuuliza jambo asilotaka kulijibu, anaongeza nyingine, kisha anakuonyesha mdomo kwa kidole: hawezi kusema, yuko kazini. Wanawe walipohamia mbali nilimuuliza kama upweke unamsumbua. Akabana pini.

Asubuhi moja alipiga yowe chumbani mwa kazi. Nikajua sindano imemwingia kidoleni. Kumbe kwenye kapu la vipande vya vitambaa kulikuwa na kitu cha kahawia, kinene, mkia hauonekani, kimemkodolea macho.

"Kifaranga!" alisema.

"Kifaranga gani ana sura ya bibi kizee?"

Hakunijali. Akamtilia maji kwenye kifuniko cha kopo, akamtandikia nyuzi laini alizofagia sakafuni. Dada huyu huyu ambaye paka akichungulia mlangoni humrushia kiatu!

Kesho yake, yowe jingine. Safari hii kulikuwa na yai, dogo, lina madoa.

"Kifaranga katagaje?" Dada alikaa chini, puu. "Jamani, nyumba hii imeingiliwa na nini?"

Tukamwita jirani anayeuza chakula cha kuku. Alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Huyu kware, tena mtu mzima! Muone mistari ya kichwani. Na kifua chenye madoadoa hivi ni cha jike. Halafu haogopi watu, ujue ana mwenyewe." Alipomgeuza, kicheko kikakatika. "Mguu huu mmeufanya nini?"

Nyuzi zilikuwa zimeuzonga. Ulikuwa umevimba, na kidole kimoja kimekuwa cheusi.

"Nilimtandikia vizuri," dada alisema. "Nilimtandikia laini."

"Usipofunguliwa sasa hivi unakatika, na yeye hatapona."

Nilimshika ndege. Dada, ambaye hukata hariri bila kutazama mara mbili, aliinamisha uso mpaka karibu na mguu. Alikata uzi mmoja mmoja kwa kisu chake cha kufumulia mishono. Wa mwisho ulipotoka, tukaona chini yake pete ndogo ya buluu. Jirani alisema kweli, ndege alikuwa na mwenyewe, na dada hakuifurahia pete hiyo hata kidogo.

Jirani akawaambia wateja wake kwamba kware mwenye pete ya buluu ameonekana. Huku nyuma dada akabadilisha kila kitu: sanduku safi, mchanga wa kuogea, chakula cha vifaranga kilichosagwa. Aliposikia kwamba kware akishtuka huruka wima na kujipasua kichwa, akashona paa la sponji. Kidole kilidondoka, lakini mguu ukapona.

Mwenyewe alikuja, nesi mstaafu. Akamweka ndege kiganjani, akamhesabu vidole.

"Kidole chake kiko wapi?"

Nikasubiri dada abane pini.

"Ni mimi, mama," alisema. "Ni nyuzi zangu. Nisamehe."

Nilishtuka kuliko mwenye ndege. Katika maisha yangu yote sikuwahi kumsikia dada akiomba msamaha.

Nesi alibonyeza lile paa la sponji. "Kwangu hana hata hili."

"Basi mchukue na sanduku lake."

Mlango ulipofungwa, dada alirudi kwenye cherehani, akanipa mgongo. Mabega yalikuwa yanamtikisika.

"Dada, unalia?"

Akageuka, akanionyesha mdomo kwa kidole. Haukuwa na pini hata moja.