Kinyoya cha Katikati

Mimi kazi yangu ni makoti. Ukumbi wetu wa michezo hapa Saratov una mlango mmoja, na ukishaingia unakutana na mimi kabla ya mtu mwingine yeyote. Unanipa koti, nakupa kibao chenye namba, unakwenda zako. Sharti langu ni moja: koti liwe na kitanzi shingoni. Lisilo na kitanzi silitundiki, hata liwe la mkurugenzi. Watu wananiita mkali. Haya, waniite.

Ndiyo maana Rimma nilimfahamu kabla ya Ulyana. Alikuwa mtoto wa darasa la tatu, mrefu kupita wenzake wote, na koti lake la bluu halikuwa na kitanzi. Nikamrudishia. Akasimama pale amelikumbatia, hajui alie au arudi nyumbani. Nyuma yake kulikuwa na katoto kengine, kafupi, pua nyekundu kwa baridi, katoka moja kwa moja kwenye somo la ushonaji. Kakafungua mkoba, kakatoa sindano na uzi mwekundu, kakapiga magoti kwenye maji ya theluji waliyoingia nayo watu na kushona kitanzi papo hapo. Nikakaambia uzi mwekundu hauendani na koti la bluu.

"Shangazi, umesema kitanzi," kakanijibu bila kuinua uso. "Rangi hukusema."

Huyo ndiye Ulyana Vedernikova, ambaye sote tulimwita Ulya. Nilimpenda tangu siku ile, ila sikumwonyesha.

Walikuja kwa ajili ya mpira wa vinyoya, yaani badminton. Kocha wao, Gennady Savelyevich, alikuwa mtu wa sigara nyingi na maneno machache. Aliwatazama wiki moja, kisha akawaweka pamoja: Ulya mbele kwenye wavu, kwa kuwa alikuwa mwepesi kama panya wa ghalani, na Rimma nyuma, kwa kuwa mkono wake ulikuwa mrefu na ulipiga kwa nguvu. Hawakuachana tena. Walikula andazi moja la kabichi kwa kuligawana, wakaugua mafua kwa zamu, wakagombana kwa ajili ya mvulana mmoja ambaye hakuwajua hata majina.

Sasa, kuna kinyoya kimoja kinachovunja urafiki wa wachezaji wawili, nacho ni kile kinachopita juu na kuangukia katikati. Ama kila mmoja anamwachia mwenzake kwa adabu, kikaanguka chini wote wakikitazama, ama wote wanakirukia na raketi zinagongana. Wao walipatana mapema. Rimma akiwa nyuma anaona uwanja wote, kwa hiyo Rimma ndiye anayeamua. Akipaza sauti, "Changu!", Ulya anachutama pale pale alipo, kichwa chini, raketi chini, na Rimma anapiga juu ya kichwa chake. Ulya haangalii. Gennady Savelyevich aliwaambia wote kwamba wa mbele akigeuka, kinyoya kitamkuta jichoni. Kwa wengine alilisema neno hilo kila siku. Kwa Ulya hakuwa na haja ya kulirudia, maana Ulya hakugeuka hata mara moja. Niliwatazama miaka na miaka kupitia kioo cha mlango, nikiacha makoti ya watu bila mlinzi, na sikuwahi kumwona akigeuka.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Wawili hao walivunja wengi. Walipata beji ya ubingwa wa michezo wakiwa bado wanasoma chuo, wakaleta medali ya shaba kutoka mashindano ya nchi nzima, wakaenda Bulgaria na kurudi na kikopo cha jamu ya waridi kwa ajili yangu. Asubuhi walifundisha michezo mashuleni, jioni walikuwa ukumbini. Walikuwa na miaka ishirini na saba, na Gennady Savelyevich alikuwa ameanza kusema kwamba mwaka ujao itakuwa dhahabu. Na yeye hakuwa mtu wa kusema ovyo.

Ndipo Rimma akaolewa na Arkady, fundi wa mitambo ya meli, na Arkady akapata kazi Vladivostok. Ukitaka kwenda mbali zaidi ya hapo utaingia baharini.

Siku ya kuondoka walikuja wote wawili kuchukua makoti. Rimma alikosea vifungo mara mbili. Ulya akamfungia, kimoja kimoja.

"Mwaka mmoja, Ulya. Ikizidi sana, miwili. Arkady akimaliza mkataba tunarudi," Rimma akasema. "Usimpe mtu nafasi yangu."

"Nafasi yako ipo," Ulya akamjibu. "Nenda, utachelewa."

Mimi nilikuwa na neno mdomoni, kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Nikalimeza. Si kila wakati mtu awe mkali.

Gennady Savelyevich alimtafutia Ulya mwenzake mpya, Zhanna, msichana wa mji wa Engels, ng'ambo ya mto Volga. Zhanna alikuwa mzuri. Nalisema kwa haki, kwa sababu watu hawakumtendea haki: alikuwa na mkono mzito, mapafu ya farasi, na hakulalamika. Naye pia alipaza sauti, "Changu!" Ila Ulya alianza kugeuka. Akisikia sauti ile nyuma yake, shingo inazunguka yenyewe, kana kwamba kaitwa na mtu asiyemjua barabarani. Vinyoya vya katikati vilianguka kama mvua. Baada ya miaka miwili ya hivyo, kwenye mechi ya mkoa, aligeuka tena na kinyoya kikamkuta chini ya jicho, kikamwachia kovu dogo ambalo analo mpaka leo. Kocha akamtoa kwenye timu. Hakumgombeza hata kidogo, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

Akabaki kufundisha watoto. Kila walipotokea wanawake wa kucheza nao, hata kwa kujifurahisha tu, alijibu neno lile lile: "Asante, nina mwenzangu." Wakamcheka. Mmoja akamwambia mbele yangu, "Mwenzako yuko Vladivostok anakula kaa." Ulya akacheka naye. Ile miaka miwili aliyoahidi Rimma ilikwisha, ikawa mitano, ikawa kumi. Arkady alimaliza mkataba akatia saini mwingine. Watoto wakazaliwa.

Kila mkesha wa mwaka mpya Rimma alipiga simu. Kwao mwaka huingia mapema, huku kwetu bado tunakata viazi vya saladi. Ulya alikuwa akija kwangu siku hiyo, mimi ni mjane naye hakuolewa, na simu ikilia alijifuta mikono harakaharaka akaenda nayo dirishani. Nilikuwa nikisikia upande mmoja tu. Alicheka, akauliza habari za watoto, kisha akasema: "Haya, mwakani basi." Akirudi mezani alikata matango vipande vinene visivyolika.

Mwaka mmoja nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia kwamba mwanamke yule ana mume, ana watoto, ana bahari, na hatarudi. Kwamba asiyekuwapo na lake halipo. Kwamba anauzeesha ujana wake kwenye simu. Niliyasema yote kwa mkupuo, kisu mkononi.

"Shangazi Faina, mimi simsubiri arudi kuishi," akaniambia taratibu. "Nataka mchezo mmoja tu. Nikae pale mbele, nimsikie nyuma. Mara moja. Baada ya hapo hata nikiacha, naacha."

Nikampa matango mengine.

Halafu ikaja habari kwamba mashindano ya wachezaji wakongwe yatafanyika kwetu, Saratov, kwenye ukumbi wetu. Rimma akapiga simu katikati ya wiki, kitu ambacho hakuwa akifanya, akasema anakuja. Ulya alibadilika kama mtu aliyetoka hospitali. Alianza kukimbia asubuhi kando ya Volga, kwenye barafu, wavuvi wakimpigia miluzi. Alinunua viatu vipya. Nilimwona siku moja peke yake uwanjani, watoto wamekwisha kuondoka, amechutama mbele ya wavu, kichwa chini, raketi chini. Anafanya mazoezi ya kuchutama, mwanamke wa miaka arobaini na magoti yake yanatoa mlio.

Wiki moja kabla ya mashindano, Rimma akapiga tena. Mkoa wake ndio uliomlipia ndege, na mkoa hauwezi kumpeleka mtu upande wa pili wa nchi aje kuuchezea mkoa mwingine. Atacheza na Larisa, mwenzake wa kule. Wameshacheza pamoja miaka minne.

Miaka minne. Katika simu zote zile za mwaka mpya hakuwa amelitaja jina hilo.

Ulya aliniletea habari hiyo kibandani kwangu akiwa amekaa juu ya kiti changu, mimi nimesimama. Nilisema maneno ambayo siwezi kuyaandika. Yeye aliuliza tu kama ninayo namba ya Zhanna.

Zhanna alikuja. Mtu mwingine angekataa, na ningemwelewa. Alinipa koti lake, lina kitanzi imara, akamgeukia Ulya.

"Nitacheza na wewe," akamwambia. "Ila mimi ndiye niliye nyuma. Ukinitafutia mtu mwingine huko, natoka uwanjani."

Ulya akakubali.

Rimma aliingia siku ya mashindano na kundi la Vladivostok. Kanenepa kidogo, nywele fupi. Nilikuwa nimeitayarisha hotuba yangu miaka kumi na mitatu. Akaniwekea koti mezani, zuri, la gharama, nikashika shingo yake kutafuta kitanzi. Kimekatika. Akaniangalia usoni, na nikamwona yule mtoto aliyesimama pale hajui alie au arudi nyumbani. Nikalitundika hivyo hivyo, kwa kofia iliyoshonwa kwenye koti lenyewe. Ndiyo mara ya pekee katika kazi yangu.

Droo ikawakutanisha nusu fainali. Nikafunga kibanda, nikaenda kusimama mlangoni, na wenye makoti wakasema walivyotaka. Larisa na Rimma upande wa kule, Ulya na Zhanna upande wa huku. Wakapeana mikono juu ya wavu, Ulya na Rimma wakashikana muda mrefu kuliko kawaida, mwamuzi akakohoa. Wakacheza. Ulya hakugeuka. Alijizuia kwa nguvu, nikaona mishipa ya shingo. Seti ya kwanza yao, ya pili yetu, ya tatu wakaenda bega kwa bega mpaka mwisho, na upande wa kule wakafika pointi ya kumalizia.

Larisa akainua kinyoya juu. Zhanna alikuwa amevutwa pembeni, anarudi mbio. Kinyoya kikapita juu ya Ulya, kinaelekea katikati, nyuma yake, pale pale Rimma aliposimama miaka yote ya ujana wao. Ulya alikuwa ameshainua raketi, angekifikia. Na hapo sauti ikatoka.

"Changu!"

Ilitoka kwa Rimma. Upande wa pili wa wavu, kinyoya si chake, uwanja si wake, na mdomo umesema wenyewe. Ulya akachutama. Kichwa chini, raketi chini, bila kuangalia. Kinyoya kikaanguka nyuma yake taratibu, ndani ya mstari.

Rimma aliziba mdomo kwa mkono. Zhanna akamfuata mwamuzi, akasema wamepigiwa kelele ili wapotezwe, na sheria inajulikana. Mwamuzi alikuwa kijana mwenye haki. Kama kelele ile ilimsumbua mchezaji, alisema, ni kosa la upande wa kule na mechi inaendelea. Akamwuliza Ulya mwenyewe.

"Sema ndiyo," Zhanna akamwambia. "Ulya, ni kweli. Sema."

Ulya alikuwa bado amechutama. Akainuka polepole, kwa mkono mmoja gotini.

"Haikunisumbua," akasema. "Kilikuwa chake."

Ulya na Zhanna wakatolewa. Rimma akapita chini ya wavu, jambo ambalo si desturi, akaja mpaka alipo.

"Mbona ulikiacha?" akamwuliza.

"Mbona uliita?"

Wakaegemezana vipaji vya uso, jasho kwa jasho, wamefumba macho, na mimi nikaenda kutafuta funguo zangu, ambazo zilikuwa mfukoni.

Zhanna ndiye aliyenikuta kibandani kwanza. Hakuwa na hasira tena. Ulya akamfuata, akamwomba radhi, akasema amemnyang'anya mechi na anajua. Zhanna akavaa koti, akafunga skafu, ndipo akasema.

"Mechi si kitu. Ila miaka yote ile nilikuwa nyuma yako naita, na hukuwahi kunichutamia hivyo. Hata mara moja."

Ulya alisimama akimwangalia, na nadhani ndiyo mara ya kwanza alimwona.

Rimma alirudi kwao. Kitanzi cha koti lake Ulya alikishona kabla ya uwanja wa ndege, kwa uzi mwekundu, maana ndio niliokuwa nao kwenye droo. Rimma hakuahidi kitu safari hii, na mkesha wa mwaka mpya walipozungumza sikusikia "mwakani basi". Nilisikia tu Ulya akiuliza kama huko theluji imeanguka. Kisha akarudi akakata matango, membamba.

Siku hizi anacheza na Zhanna, Jumanne na Alhamisi. Nawatazama kupitia kioo. Zhanna anaita, Ulya anachutama, hageuki. Kwa miaka mingi nililiomba hilo, na sasa nikiliona moyo unaniuma. Juzi nikamwuliza alifanyaje hata akaacha kugeuka nyuma.

Alikuwa akivaa koti, mkono mmoja ndani, mmoja nje.

"Nigeukie nini, shangazi," akasema. "Nilishamsikia."

Nikapokea kibao chake, nikakitundika mahali pake.