Gus Dreher Hapokelewi

Ukaidi ungekuwa na sura, pale kwetu Kessler Falls, Ohio, ungekuwa na sura ya Gus Dreher. Wiki nzima aliunda mapipa ya bia. Jumamosi alikuwa mrushaji wa timu yetu ya besiboli. Mimi nilikuwa mdakaji wake, na vidole vyangu vilivyopinda ndiyo shukrani niliyopata.

Enzi zile mchezaji wa akiba hakuingia mpaka mtu avunjike. Mrushaji akichoka, alibadilishana nafasi na mwenzake aliyesimama mbali upande wa kulia, huko ambako mbuzi wa Bibi Schaub walikula majani. Huko kupokelewa tulikuita kwenda malishoni, na ilikuwa aibu. Ukianza kurusha, umalize mwenyewe, la sivyo usionekane kilabuni wiki nzima. Gus hakuwahi kwenda malishoni, na alitutangazia hivyo kila siku, hata kanisani.

Mwaka ule, kufika Septemba, mkono wake wa kulia ulikuwa umevimba kama mkate uliotiwa hamira. Mkewe, Wilhelmina, aliuchua kwa dawa ya farasi.

"Baba Lottie, mkono huu hata kofia hauvui. Mkono ukifa, mapipa utaunda kwa meno? Leo mwachie Pruitt amalizie."

"Pruitt! Yule wa malishoni? Bora mnizike."

"Hatukuziki wewe. Tutauzika mkono."

Gus akacheka, akaenda uwanjani.

Kufikia zamu ya sita kati ya tisa tulikuwa tunawaongoza wapinzani wetu, Marlow, kwa mbali. Pruitt angeweza kumaliza mchezo ule huku amelala. Nikamfuata Gus.

"Kaka, nenda kapumzike na mbuzi. Tumeshashinda."

"We rudi ukadake."

Na watu nao! "Dreherrr! Maliza mwenyewe!" Aliyepiga kelele kuliko wote alikuwa Thornbury, mwenye timu, aliyekaa chini ya mwavuli. Mtu huyo ngazi za nyumbani kwake hazimalizi bila kupumzika katikati, lakini mkono wa mwenzake alikuwa radhi uishe. Nilimchukia siku ile na bado namchukia.

Zamu ya nane nikasikia kitu kikilia begani mwa Gus, kama kijiti kikavu kimekanyagwa. Akawa mweupe. Akaendelea kurusha vimipira vya kitoto, na Marlow, kwa kuwa nao ni wapumbavu kama sisi, wakavikosa. Akamaliza. Tukambeba juujuu, tukimvuta kwa mkono uleule. Alipiga yowe, nasi tukadhani ni furaha, tukaiambia bendi iongeze sauti.

Mkono haukupanda tena kupita mkanda wa suruali. Thornbury alimsifu sana, kisha akampa Pruitt nafasi yake. Mapipa yakaenda kwa fundi mwingine. Wilhelmina akaanza kufua nguo za watu.

Jumapili iliyopita nilikula kwao. Gus alianza kukata soseji kwa mkono wa kushoto, ikamkimbia mpaka kwenye kabichi. Wilhelmina akachukua kisu, akamkatia. Kijana mmoja, mchumba wa Lottie, akamkodolea macho mzee.

"Ni kweli baba, hukuwahi kumwachia mtu akumalizie?"

Gus akatunisha kifua. Kifungo cha shati, alichoanza kukifunga asubuhi, kilikuwa bado kinaning'inia.

"Hata mara moja, mwanangu."

"Fungua mdomo, Baba Lottie," akasema Wilhelmina, uma mkononi.