Jiwe Lililokataa Kushikana

Mama mkubwa wangu hakumwamini mtu. Ukimsalimia kwa uchangamfu, alikuuliza unataka nini. Ukimletea maziwa, aliyanusa huku akikukazia macho wewe, si maziwa. Mtaani walimwita Mpelelezi, na jina hilo lilimpendeza ingawa alijifanya kununa.

Kazi yake ilimfaa. Alitunza ghala la mawe la mradi wa mfereji, ule uliokusudiwa kuchepusha maji ya mto na kuyapitisha ubavuni mwa kilima, nyuma ya nyumba zetu. Kabla ya kuchimba mfereji, mtambo ulichoronga ardhi, yaani ulitoboa mashimo marefu, kote mfereji ulikotarajiwa kupita, na kutoa mawe ya mviringo, membamba kama mpini wa jembe. Yalilazwa kwenye masanduku ya mbao kwa mpangilio uleule yaliokuwa nao ardhini. Mahali ambapo udongo laini ulisombwa na maji ya mtambo, fundi alitakiwa kuweka kipande cha mti, kuonyesha kwamba hapo pana pengo. Mama Mkubwa alipokea, akaosha, akafungia.

Fundi wa mtambo alikuwa baba yangu.

Mtaa mzima ulijua kitu kimoja: kilima kikiwa kigumu, mfereji utapita huko juu. Kikiwa kibovu, utashushwa tambarare, na tambarare ndiko tulikojenga. Nyumba yetu ingekuwa ya kwanza kubomolewa. Kwa hiyo masanduku ya shimo la kilimani yalipoingia ghalani yakiwa mwamba mtupu, bila kipande cha mti hata kimoja, mama alicheka mpaka akatoka machozi. Mama Mkubwa hakucheka.

"Jiwe zuri mno hilo," aliniambia nilipompelekea chakula cha mchana. "Mbona choo chenu kilipochimbwa, jembe lilinata kwenye udongo?"

"Labda chini zaidi kuna mwamba, Mama Mkubwa."

"Labda. Na baba yako mbona siku hizi ananiita dada? Miaka yote mimi ni shemeji tu."

Akafunga mlango, akayamwagia mawe maji, akaketi sakafuni. Alichukua vipande na kuviunganisha ncha kwa ncha, kwa sababu jiwe lililovunjika hurudiana na mwenzake kama sahani. Vya juu vilishikana vizuri. Cha katikati kikakataa. Akakigeuza, kikakataa tena.

"Jaribu kile kingine," nikasema. Nacho kikakataa.

Baba alipokuja kurudisha funguo za gari la mradi, Mama Mkubwa alimwekea lile jiwe kiganjani. "Hili nalijua kwa rangi, ni la shimo lile mlilochoronga mtoni, shemeji. Umeliweka mahali pa nini?"

Baba alinitazama mimi kwanza, kisha mlango. "Pa udongo," akasema. "Mfinyanzi mtupu, unateleza kama sabuni. Dada, nyumba ile mdogo wako ameijenga kwa mikono yake. Fumba mdomo tu."

"Na mfereji ukivuja?"

"Kilima kimesimama tangu tuzaliwe."

"Hakijawahi kubebeshwa mto."

Nilimchukia Mama Mkubwa siku ile, nasema wazi. Niliona ni udaku wake uleule, safari hii umeingia jikoni kwetu.

Asubuhi alimwita mwanajiolojia wa mradi, akamwonyesha lile jiwe. Mtaalamu yule hakupoteza maneno. Alipeleka fundi mwingine achoronge kando ya shimo la kwanza, na mfinyanzi ukatoka, wa kijivu, mwingi. Baba alisimamishwa kazi. Baadaye wakaja watu wenye makopo ya rangi, wakachora alama nyekundu kwenye ukuta wetu.

Mama Mkubwa alikuja tukiwa tunafungasha. Alisimama mlangoni bila kukaribishwa. Mama aliendelea kukunja mapazia, hakumgeukia.

"Mume wangu amekosa, sibishi," mama alisema. "Lakini ungeninong'oneza mimi kwanza. Mimi mdogo wako, dada."

"Ungenisihi ninyamaze."

"Ningekusihi, ndiyo. Ningekupigia magoti."

"Na mimi ningenyamaza," Mama Mkubwa akasema. "Ndiyo maana sikuja kwako."