Onyo Lililotoka Sabato

Bado nina hasira, na sioni sababu ya kuificha.

Ofisi yetu iko Kisii mjini. Tunatengeneza programu ambayo makarani wa vituo vya chai huitumia kupima majani ya wakulima: simu inasoma mzani, kilo zinaonekana kiwandani. Karatasi zilikomeshwa. Majani yasiyopita kwenye simu hayapandi lori.

Simu ya kituo cha Ikonge ilikuwa kuukuu, ikiendeshwa na mfumo ambao hata waliouunda walishaacha kuurekebisha. Kila tulichojenga ilibidi tukijenge mara mbili, mara ya pili kwa ajili ya kasimu kale tu. Nilikuwa nimechoka nako kuliko mtu yeyote pale ofisini. Sikupinga kuuacha mfumo huo. Nilichopinga ni siku ya kuuacha.

"Wapewe simu mpya kwanza," nilisema mkutanoni.

"Watatafuta wenyewe wakiona onyo kwenye simu kwamba programu itakoma," bosi akajibu. "Litoke Ijumaa jioni, Jumapili tulifunge toleo la zamani. Wikendi hakuna kazi."

Nilimkodolea macho. Mtu huyu ni Msabato, mzaliwa wa Nyamache. Ijumaa jua likianza kushuka hagusi kompyuta. Karani wa Ikonge ni Msabato vilevile. Simu ya kituo huifungia kabatini Ijumaa na kuitoa Jumatatu. Nikamuuliza hilo onyo litasomwa na nani. Akasema napenda sana kuleta mambo ya kijijini mkutanoni. Ya kijijini, kana kwamba yeye alizaliwa ndani ya kompyuta.

Jumatatu mama yangu alianza kuchuma umande haujakauka, akabeba gunia lake hadi Ikonge. Programu ikakataa kufunguka. Wakulima wakangoja na magunia yao. Lori likaja, likaondoka tupu. Karani aliponipigia, nililirudisha toleo la zamani bila kuomba ruhusa ya mtu. Bosi akanifokea mbele ya wenzangu kwamba nimevuruga mpango. Nami nikamfokea mbele ya hao hao. Lakini majani yalikuwa yameshapata moto ndani ya magunia na kugeuka mekundu, na lori halikurudi.

Jioni nilikwenda nyumbani. Mama alikuwa ameyamwaga yote chini ya migomba. Nilimwambia pole. Tangu programu ile ifike Ikonge, hajawahi kusimama kwenye foleni ya mzani bila kumwambia aliye mbele yake kwamba ile ni kazi ya mwanawe. Wanawake wenzake walishachoka kuisikia hadithi hiyo.

"Leo wameniuliza kama ndiyo ile yako," alisema, akipangusa mikono kwenye leso.

"Ukawaambiaje?"

Mama yangu hasemi uongo. Akimrudishia mnunuzi wa ndizi chenji pungufu, humfuata hadi kwake.

"Nikawaambia uliacha kazi hiyo zamani."