Kadi ya Zamani na Sauti ya Mama wa Komunike

Mjini kwetu Kamina hakuna mtu anayekufa mpaka mama wa komunike, yule msomaji wa matangazo redioni, aseme. Daktari anaweza kusema, mchungaji anaweza kusema, maiti mwenyewe anaweza kuwa amelala mbele yenu na pamba puani. Jirani atasimama mlangoni na kuuliza kama mama ameshasoma. Kwa miaka kumi na moja mama huyu alisoma kwenye redio yetu kila asubuhi saa moja, kwanza kwa Kiswahili, halafu kwa Kiluba: jina la marehemu, majina ya wafiwa, barabara ambako msiba unakaa. Sauti yake ilikuwa nzito kama gari-moshi la mizigo linaloingia stesheni bila haraka. Mimi ni fundi wa redio hiyo, na sitii chumvi nikisema kwamba aliposoma "tunasikitika", vikombe juu ya meza yangu vilitembea.

Halafu tukapata kompyuta mpya.

Ile ya zamani ilikuwa imeungua siku umeme uliporudi na hasira zake. Hii mpya ilitoka Lubumbashi kwa treni, imefungwa katika blanketi kama mtoto mchanga, na siku ya kuifungua hata walinzi walikuja kuangalia. Ilikuwa na mbio. Ya zamani ungeiwasha, ukaenda sokoni, ukachagua majani ya sombe, ukagombana na muuzaji, ukarudi nyumbani ukaikuta bado inajinyoosha. Hii ukiigusa tu, inaitika kabla hujaondoa kidole.

Lakini sauti ya mama ilipopita ndani yake ilitoka nyembamba, ya puani, kama ya mtu anayeongea akiwa ndani ya bidoni la maji.

Sababu niliijua siku ya pili. Kompyuta hizi za sasa zina kifaa cha sauti kilichoshonwa juu ya ubao wake mkubwa, na tundu moja dogo la kuingizia sauti, lililotengenezwa kwa ajili ya watu wa kupigiana simu za picha. Kifaa hicho kina tabia ya usafi uliozidi. Kikisikia mngurumo mzito unaoendelea, kinasema huo ni mlio wa feni, kinaukata. Na mama wetu alikuwa mngurumo mtupu, kutoka mwanzo wa komunike mpaka mwisho! Mashine ilimnyoa chini yote ikamwachia pua. Niliizima tabia hiyo, umeme ukakatika, uliporudi mashine ikaiwasha tena yenyewe. Nikaizima, ikaiwasha. Tulipigana hivyo wiki nzima.

Katika wiki hiyo alikuja mzee mmoja mkulima kutoka kijiji cha nje ya mji, mtu mrefu, rozari shingoni, vumbi mpaka magotini. Alimwomba mama atoke nje, akamweleza kwa utaratibu, bila kupandisha sauti. Mjomba wao alifia mjini. Walisikia jina lake redioni, wakatazamana, wakaona ni watoto wameingia studio wanacheza. Wakaendelea kulima mihogo yao. Kesho yake ndipo mtu wa baiskeli alipowapa habari, na walipofika kaburi lilikuwa limekwisha kufungwa.

"Ingekuwa sauti yako, mama, tungekuya na miguu," alisema. "Ile ilikuwa ya katoto."

Mama alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akabaki amemshika. Mimi nilisimama pale mlangoni na bisibisi yangu, nikasikia yote.

Habari ilimfikia mkurugenzi kabla mzee hajafika njia panda. Mkurugenzi wetu ni mwalimu mstaafu, mzee wa kanisa, mtu wa haki, lakini mtu wa kalamu pia: jambo likimsumbua analiandika, na akishaliandika ni sheria. Alituita wawili. Alisema wasikilizaji wanalalamika, kuanzia mitaa ya cheminots, watu wa reli, mpaka Luena (Luena tunasikika upepo ukiwa na nia njema), kwamba umri haumwachi mtu, na kwamba kuanzia Jumatatu tutafanya jaribio la sauti nyingine, ya kijana. Mama atakuwa mshauri wa kipindi. Kwetu mshauri ni mtu aliyepewa kiti akanyimwa meza.

Mama hakubishana. Alikuwa ameshasikiliza sauti yake iliyorekodiwa, na ameshaamini. Tangu siku mbili alikuwa anakunywa tangawizi na asali, kitambaa shingoni katika joto la Oktoba. Tulipotoka kwa mkurugenzi alikaa kwenye benchi la ukumbini, mkono kooni.

"Minyi nafikiri sauti yangu ilikufa," aliniambia, "na hakuna mwenye alitangaza."

"Haikufa, mama. Mashini njo iko inaikula."

"Basi uitoshe mu tumbo yake."

Ili niitoe, nilirudi kwa mkurugenzi. Nilimweleza kwamba kosa ni la mashine, na kwamba ndani ya ile kompyuta iliyoungua kulikuwa na kadi ya sauti ya zamani, kipande kinachojitegemea, kisicho na maringo ya usafi, ambacho kingeweza kuhamia katika mpya. Aliuliza kama kitu kilichotoka motoni kinaweza kumfundisha kazi kitu kipya. Nikamjibu kwamba mimi mwenyewe nilimaliza masomo ya jioni nikiwa na miaka thelathini na minane, nimekaa benchi moja na vijana ambao ningeweza kuwazaa, na nikawapita wote isipokuwa kumi na wawili. Cheti changu kiko ukutani sebuleni, fremu yake ni kubwa kuliko dirisha. Mkurugenzi alicheka kidogo, akaandika: Jumamosi asubuhi. Mama asome na hiyo kadi. Baada ya hapo, ajuaye ni Mungu na mkurugenzi mwenyewe.

Alhamisi niliitoa maiti ya kompyuta stoo. Nilipoifungua, vumbi jekundu lililokuwa ndani lingetosha kupandia shamba la mahindi na likabaki la jirani. Kilichoungua kilikuwa kile kisanduku cha umeme. Kadi ilikuwa nzima. Kadi yenyewe ni ubao wa kijani urefu wa kiganja, wenye meno ya dhahabu upande mmoja na matundu matatu ya nyaya upande mwingine. Meno niliyasugua kwa kifutio cha daftari mpaka yakang'aa. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshika usafi, nikayasafisha na matundu pia. Tundu la katikati lilikuwa limepakwapakwa uchafu mwekundu uliogandamana. Nililitia spiriti, nikalikwangua, mpaka ubluu wake wa kiwandani ukatokea.

Ndani ya kompyuta mpya nafasi nyingi zilikuwa za aina ya kisasa, fupi, ambazo kadi yangu isingeingia hata kwa mfungo na maombi. Lakini chini kabisa kulikuwa na nafasi moja ndefu, nyeupe, ya aina ya zamani, kama nyumba ya udongo iliyoachwa kati ya nyumba za matofali. Niliisukuma kadi pale kwa vidole gumba viwili. Ikaingia. Nikafunga skrubu, nikawasha, nikaingia kwenye mipangilio ya mwanzo kabisa ya mashine na kukizima kile kifaa kilichoshonwa, kizimwe hapo chini kwenye mizizi ambako umeme hauwezi kukifufua.

Mashine ikaamka ikaniuliza: hiki nini? Haikuijua kadi. Programu yake ya kuitambulisha ilikuwa kwenye diski ambayo nadhani ilishatumika kufukuzia ndege shambani kwa mtu, na watengenezaji walishaisahau siku nyingi. Lakini nilikuwa nimesikia darasani kwamba duniani kuna watu wanaoandika, bila kutumwa na bila kulipwa, programu za kuziunganisha kadi za zamani na mashine za sasa. Niliitafuta kwa simu. Mtandao wetu unapatikana vizuri nyuma ya ukuta wa kanisa, mahali pamoja, ukisimama mguu mmoja juu ya jiwe. Nilisimama hapo muda mrefu kiasi kwamba kuku walikuja kulala katika kivuli changu. Faili ilishuka. Nikabusu simu.

Ijumaa nilimwita mama tujaribu. Alikaa mbele ya maikrofoni, akavua kitambaa shingoni, akasoma komunike ya wiki iliyopita.

Sauti iliyotoka haikuwa nyembamba, hapana. Ilikuwa kama lori la mabati linalopinduka darajani. Ilipasuka, ikakwaruza, sindano ya kipimo ikalala upande wa kulia na kukataa kuamka. Niliteremsha sauti, ikapasuka kwa upole. Nikaipandisha, ikapasuka kwa hasira. Uso wa mama ulibadilika.

"Sasa njo mubaya kupita ya kwanza," alisema taratibu.

Niliangalia programu, niliangalia skrubu, niliangalia dari. Kila kitu kilikuwa kama kitabu kinavyosema. Kitabu kinasema tundu la waridi ni la maikrofoni, na mimi waya nilikuwa nimeuchomeka kwenye la waridi, kwa mkono wa mtu mwenye cheti.

Mama aliinuka, akazunguka nyuma ya meza, akainama. Akapitisha kidole kwenye matundu.

"Weye. Rangi yangu iko wapi?"

"Rangi gani, mama?"

"Ile mwekundu. Ku tundu ya katikati."

Nikamwambia, kwa fahari ambayo sasa naionea haya, kwamba ule uchafu niliutoa wote. Akanyanyuka kutoka nyuma ya meza akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyefuta ubao kabla wenzake hawajanakili. Halafu akanieleza. Mwaka wake wa kwanza pale, kabla mimi sijaja, kila aliyewasha mitambo asubuhi alisoma rangi kama mimi, akachomeka kwenye waridi. Lakini maikrofoni zetu haziingii kwenye kompyuta moja kwa moja. Zinapita kwanza kwenye meza ya kuchanganyia sauti, na meza hiyo inazitoa zikiwa zimeshapata nguvu. Waridi linaziongezea nguvu juu ya nguvu, ndiyo maana zinapasuka. Waya wetu unakaa kwenye bluu. Na kwa kuwa alichoka kueleza, mama alichukua rangi ya kucha ya binti yake, akalipaka tundu la bluu, akawaambia wote: mwekundu, basi. Ndivyo redio yetu ilivyofanya kazi miaka yote. Kila mtu alilijua tundu jekundu. Mimi nililikuta waya wake umeshachomekwa, na sikuwahi kuuchomoa mpaka siku mashine ilipoungua, na siku hiyo niliuchomoa bila kuangalia rangi.

Miaka mitatu ya masomo ya jioni ikapigwa mweleka na kichupa cha vernis ya kucha. Mama aliuchomoa waya, akausukuma kwenye bluu, akarudi kwenye kiti chake.

Aliposema "tunasikitika", sindano ilipanda mpaka katikati na kutulia hapo kama mtu aliyefika kwake. Kwenye spika ulikuwa ule mngurumo wote, na chini yake mngurumo mwingine ambao nadhani hata kompyuta ya zamani ilikuwa inatuibia. Mama alisoma komunike yote, Kiswahili na Kiluba, ya mtu aliyezikwa zamani. Alipomaliza alichukua kile kitambaa akafutia macho, akaniambia vumbi la mashine yangu ni kali.

Jumamosi mkurugenzi hakuja studio. Alibaki kwake na redio yake ndogo, kwa sababu, alisema, aliye jikoni hawezi kujua chumvi, anayejua ni aliye mezani. Ilikuwa komunike moja tu, ya baba mmoja mstaafu wa reli. Mama alimaliza Kiswahili. Alipovuta pumzi aanze Kiluba, umeme ukakatika.

Betri za sola zilishika mtambo wa kurusha, lakini kompyuta ilizimika. Nikaihamishia kwenye betri hizo, nikaiwasha. Mji mzima ulikuwa unasikiliza ukimya, na mimi nilikuwa nauhesabu ukimya huo kwa jasho. Hapa ndipo ile tabia ya usafi ilipokuwa inarudi kila mara. Mama alikunja mikono juu ya karatasi yake akasubiri, mgongo wima. Taa ikawaka, programu ikafunguka, nikamwinulia kidole.

Akaanza Kiluba pale pale alipokuwa amefikia, bila kuomba radhi, na sauti ilikuwa yote. Mashine haikumkata hata unyoya.

Mkurugenzi alifika jua likiwa limeanza kuuma. Hakusifu kadi, hakusifu fundi, na nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba fupi ya kukataa sifa. Alikwenda moja kwa moja kwenye ubao wa vipindi, akafuta neno "jaribio" kwenye mstari wa Jumatatu, akaandika: Komunike, mama. Akapangusa chaki mikononi, akageuka aondoke.

"Na ya mangaribi?" mama aliuliza.

Mkurugenzi alisema mangaribi ni saa ya muziki, tangu redio ianzishwe.

"Bantu ba mashamba, asubui beko mu mashamba. Mangaribi njo banarudia ku nyumba." Hakupandisha sauti. Hakuhitaji, alikuwa nayo. "Uniandike, direktere."

Mkurugenzi alirudi kwenye ubao, akaokota chaki yake. Kisha akaandika, na nilimwona akiandika kwa herufi kubwa kuliko za asubuhi.

Jumatatu hiyo jioni hakukuwa na msiba, Mungu alipumzisha mji. Kulikuwa na karatasi moja tu, ya mbuzi mweusi aliyepotea upande wa uwanja wa ndege, sikio moja limekatika. Mama aliisoma kwa uzito ule ule, Kiswahili kwanza, na majina yote ya wenye mbuzi. Kabla hajafika kwenye Kiluba dirishani tuliona watu barabarani na tochi za simu zao, wameshatoka kumtafuta.