Ukuta Uliotoa Maua ya Kijani

Maji ya mihogo iliyolowekwa yakikaa kwenye ndoo siku nne yananuka vibaya, sina haja ya kudanganya. Yananuka kama miguu ya mtu aliyevaa buti za mgodini wiki nzima. Lakini nikikutana na harufu hiyo leo, sokoni au nyuma ya nyumba ya mtu yeyote hapa Kolwezi, nasimama, hata kama nina mzigo kichwani. Kwangu mimi hiyo ni harufu ya mwezi wa tisa, wakati vumbi jekundu limekaa juu ya majani tangu mwezi wa tano na joto linamfanya kila mtu awe mkali. Na ni harufu ya mama yangu, Ngalula, ameinama mbele ya nyumba yetu, mikono imejaa tope mpaka kwenye viwiko, anapaka kuta kabla mvua haijaja.

Kila mwaka alipaka. Nyumba ilikuwa ya matofali ya udongo wa kichuguu ambayo baba aliyafyatua mwenyewe na kuyaanika juani. Hakuyachoma, na msingi wa mawe hakuweka, kwa sababu alikuwa na haraka ya kuhamia kwake. Basi mvua za kwetu, zinazoanza mwezi wa kumi na kuendelea mpaka mwezi wa nne, mama alipambana nazo kwa mikono yake. Alichanganya udongo wa kichuguu, majivu, mchanga wa mtoni na yale maji ya mihogo, sisi watoto tukakanyaga mpaka tope likavutika kama unga uliokandwa wa maandazi. Alilipaka kwa kiganja, halafu akalisugua kwa jiwe laini mpaka ukuta ukang'aa kama kichwa cha mtoto aliyetoka kupakwa mafuta. Chini, kimo cha goti, alizungusha mkanda mweusi wa masizi na majivu, maana pale ndipo mvua inaporuka kutoka ardhini na kupiga. Mwaka ulipoisha ule mweusi ulikuwa umeliwa wote, na ukuta nyuma yake ulikuwa mzima. Mama alifurahi kuona umeliwa. Alisema mvua imekula sahani yake na sufuria imebaki.

Na kabla ya kuchanganya, alionja. Msicheke. Wanawake wa kwetu wakiwa na mimba wanakula pemba, ule udongo mweupe unaouzwa sokoni kwa vidonge, na mama alikuwa amezaa mara sita. Alikuwa anaujua udongo kwa ulimi kama mwingine anavyojua mboga. Alichukua chembe kidogo, akafumba macho, akatema. Huu mzuri. Huu una chumvi, rudisheni. Sisi tulimwiga, tukarudi ndani meno yamekuwa mekundu, na baba akauliza kama siku hizi mama anatupikia vumbi la barabarani.

Sasa nitawataja watu, maana nimekaa kimya miaka mingi na sijaona faida yake. Kabwita, fundi wa kujenga. Mulongo, dereva wa lori. Wa tatu ni baba yangu, Tshibangu, ambaye nampenda hata kaburini, lakini nikiwataja wale wawili nikamruka yeye nitakuwa mwongo kama wao.

Baba alifanya kazi kwenye karakana ya mgodi. Wenzake walikaa kwenye nyumba za kampuni, za matofali ya kuchoma, na jioni wakipita kwetu walimtania kuhusu mkewe: "Tshibangu, bibi yako bado eko nafinyanga nyumba sawa chungu?" Alicheka nao, halafu akaingia ndani na kufunga mlango. Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na mmoja, darasa la tano, na kikundi cha sala kilikuwa kimepanga kukutana kwetu siku ya Krismasi. Baba akaamua kwamba safari hii mama hatapaka. Nyumba itavaa simenti kama nyumba za watu.

Mulongo alileta mchanga. Ulikuwa mwembamba, sawasawa, hauna jiwe wala mzizi, rangi ya majivu yenye umanjano kidogo. Mama alitoka jikoni, akachota kidogo, akatia mdomoni. Akatema mara mbili.

"Tata Mulongo, hii muchanga umetosha wapi?"

"Ku Lualaba, mama. Muchanga ya mayi kabisa."

"Mayi ya Lualaba haiumake ulimi. Hii iko nauma sawa ndimu."

Kabwita alicheka mpaka akaegemea sepetu yake. "Tata Kabedi, kuja uone! Bibi yako eko nakula nyumba! Leo hamukupika bukari?" Bukari ni ugali wetu, tata ni baba, na kutosha kwetu ni kutoa. Kabedi ni mimi, mtoto wa kwanza, na wazazi wangu waliitwa kwa jina langu. Nakumbuka niliona aibu kusikia jina langu katikati ya kicheko kile. Na baba, badala ya kumtetea mkewe, akasema kwa sauti ya chini: "Mama Kabedi, acha fundi atumike kazi yake."

Ule mchanga ulitoka kwenye malundo nyuma ya kiwanda, pale wanapomwaga mabaki baada ya kuosha madini ya shaba kwa asidi. Mulongo alipakia pale kwa sababu ni karibu na sepetu inaingia bila taabu. Kabwita alijua, maana fundi anayeshika mchanga kila siku hawezi kukosa kujua. Baba sijui. Nafikiri hakutaka kujua.

Lazima niseme ukweli, nyumba ilipendeza. Ilikuwa laini, ya kijivu, na pembe zake zimenyooka kama daftari jipya. Baba alipita akiigonga kwa vidole kama mtu anayegonga mlango wa mkubwa wake. Mvua zikaanza. Mwezi wa kumi na moja, siku moja asubuhi, tukaona ukuta wa chumba chetu watoto umeota manyoya meupe chini, laini kama ya kifaranga. Baada ya siku chache manyoya yakawa ya kijani, halafu ya kijani yenye samawati, yakapanda mpaka kimo cha kiuno changu. Sijaona tena kitu kizuri kama kile kwenye ukuta wa mtu. Tuliyakwangua kwa kucha, tukachora kuku kwenye mlango. Majirani walikuja kuangalia. Baba akawaambia wenzake wa karakana kwamba nyumba yake imetoa maua, nao wakaja, na safari hii hawakutania.

Mama hakuona maua. Aliyaonja, na uchachu ulikuwa ule ule. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto, aligonga ukuta ule kwa vifundo vya vidole, juu, katikati, chini, na sikio ameliegemeza. Mwanzoni ukuta ulijibu kwa sauti kavu. Baadaye ulijibu kama boga.

"Tata Kabedi," alimwambia baba, tukiwa tunakula, "ukuta iko nakunywa mayi huku chini. Zamani ilikuwa nakunywa, lakini jua ikitoka ilikuwa natoa jasho, inakauka. Sasa umeivalisha koti ya simenti. Ile jasho itatokea wapi? Na ile chumvi ya Mulongo iko nakula matofali ndani. Tutoshe ile simenti."

"Siku ya Krismasi bantu banakuja, uko nasema nitoshe simenti?"

"Batoto banalala pale."

"Fundi amesema ukuta iko napumua tu. Itaisha."

"Basi fundi akuje alale pale yeye."

Baba alisukuma sahani. Mama hakubishana tena. Siku ile ile alihamishia mikeka yetu chumba cha upande wa jiko, akachukua jembe, akachimba mfereji kuzunguka nyumba kwenye mvua ile, peke yake, ili maji ya paa yaondoke mbali. Akatuambia atakayeingia chumba kile ataipata fimbo. Fimbo ya mama yangu haikuwa ya mchezo, na bado niliingia.

Ilikuwa wiki ya mwisho kabla ya Krismasi, mchana, mvua inapiga mabati mpaka huwezi kumsikia aliye karibu nawe. Gauni langu jipya lilikuwa bado limetundikwa kwenye msumari katika ukuta ule. Niliogopa litaota kijani. Basi niliingia mbio, nikashika gauni, nikavuta, na msumari ukatoka pamoja nalo, bila nguvu yoyote, kama kijiko kinavyotoka kwenye uji. Nikabaki naangalia tundu. Lilikuwa linatoa maji.

Watu wanafikiri ukuta unaanguka. Ule haukuanguka, ulikaa chini, polepole, kama mtu aliyechoka kusimama. Udongo ulinifunika mpaka kifuani na haukuniumiza. Ulikuwa laini na wa baridi, nilisikia harufu ya miaka yote ya mama ndani yake. Kilichonivunja ni ile ngozi ya simenti. Iliteremka nyuma ya udongo ikiwa kipande kimoja, nzima, nzuri, imenyooka, ikapenya tope, ikanipiga paja.

Baba alinitoa kwa mikono. Nilimsikia kabla sijamwona, alikuwa anaita jina langu na kujitukana kwa Kiluba, lugha ya mama yake. Kucha mbili zilimtoka. Mama alikuja akanishika kichwa, akaniambia nisilale, nimhesabie wadogo zangu kwa majina. Siku ile hakumwambia baba neno lolote la lawama, wala siku nyingine, mpaka baba anakufa. Mimi ningesema. Mimi nasema mpaka leo.

Mguu uliunga vibaya, mmoja ukawa mfupi. Shule ilikuwa ng'ambo ya reli, mbali, na sikurudi tena. Haya ninayoandika nimeyaandika kwa yale ya darasa la tano, na mengine nimejifunza kwenye magazeti ya kufungia karanga. Kabwita alikuja hospitali na ndizi, akasema ni mvua ya Mungu. Nilikula zile ndizi, maana nilikuwa na njaa. Mulongo hakuja hata siku moja. Alihamia Fungurume, nasikia alijenga nyumba nne, na natumaini alitumia mchanga wake mwenyewe.

Lakini mwaka uliofuata kile kilema ndio mwaka ninaoupenda kuliko yote, na sijui niueleze vipi. Mvua zilipokwisha, nimekalishwa nje kwenye mkeka, niliangalia baba akibeba mawe kutoka kilimani, jiwe baada ya jiwe, baada ya kazi, bado amevaa nguo za karakana. Alijenga msingi wa mawe kimo cha goti, matofali yakakaa juu yake, mbali na maji. Akaongeza mabati mawili mbele ili upenu utoke nje na mvua idondoke mbali na ukuta. Halafu mwezi wa tisa akakunja suruali, akaingia kwenye tope, akakanyaga. Wenzake walipita.

"Tshibangu! Sasa na weye uko bibi?"

"Miye niko bibi wa pili," akajibu, bila kuacha kukanyaga. "Mukubwa njo ule pale. Mumusalimie."

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Na kabla ya kuchanganya, baba alimletea udongo kwenye kiganja, akasimama mbele yake kama mtoto anayesubiri daftari lake lisahihishwe. Alifanya hivyo kila mwaka mpaka alipokufa, na baadaye tukafanya sisi.

Leo tunakaa mbali na pale. Tuko kwenye nyumba za bloku zilizopangwa mistari, zimepakwa rangi ya mafuta ya manjano, na mvua za pili tu rangi imevimba mapovu ya maji ambayo wajukuu wangu wanayatoboa kwa vijiti. Nyumba hizi zinaitwa za kudumu. Mtaa wetu ulihitajika kwa kuchimbwa, na kabla hatujaletwa huku, kijana mmoja alikuja na karatasi kuandika kila nyumba ni ya namna gani, ili ijulikane italipwa kiasi gani. Nyumba ya Kabwita, mtaa wa pili, iliandikwa ya kudumu kwa sababu ina simenti, ingawa ukuta wake ulikuwa umelowa mpaka madirishani na ndani kunanuka ukungu. Alipofika kwetu, mvua kubwa ikamkuta uani. Alikimbilia chini ya upenu, akajibanza ukutani ili karatasi zisilowe, akaendelea kuandika hapo hapo, amesimama.

Mama alikuwa ameketi kando yake kwenye kigoda, mzee, macho hayaoni vizuri.

"Mwanangu, umeandika nini?"

Kijana akasoma: kuta za udongo, nyumba isiyo ya kudumu.

"Na mugongo yako iko namna gani? Imelowana?"

Akajipapasa shati, shati jeupe la ofisini. Akageuka, akauangalia ukuta, akaangalia kiganja chake. Hakukuwa na maji, hakukuwa hata na vumbi.

"Fomu njo inasema vile, mama," akasema, na nilimwona ameona haya.

"Sawa. Kaa kwanza, mwanangu. Mvua haiyaisha."

Akakaa, ameegemea, mpaka ilipokwisha.